Tundu la CD lina thamani kuliko kadi ya grafiki

Mpwa wangu anakaa Majengo na ana Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara, aliyonunuliwa na mamake miaka minne iliyopita katika duka la kompyuta za ex-UK, yaani mitumba ya Uingereza. Majuzi alinijia na karatasi ya daftari aliyoipiga mstari katikati. Kushoto aliandika kadi ya grafiki, ramu na pawa saplai. Kulia aliandika PS5 peke yake, yaani PlayStation 5, konsoli ya michezo ya Sony. "Mjomba," akaniambia, "nikiiongeza nguvu kompyuta, mama hatasema kitu. Nikinunua PS, nitaambiwa nimenunua kitu cha kuchezea."

Maneno hayo nayasikia Mombasa nzima, kwa mafundi na kwa wazazi. Kompyuta ni mali, PS ni anasa. Pesa ukizitia kwenye kompyuta zinabaki nyumbani kama kazi na masomo, ukizitia kwenye PS zimeteketea. Hata orodha ya ushuru wa forodha, ambayo sisi Afrika Mashariki tunaifuata kwa mpangilio wa dunia nzima, imeiweka kompyuta katika Sura ya 84 pamoja na mashine, na konsoli za michezo katika Sura ya 95 pamoja na wanasesere. Wazazi wetu wanapanga vivyo hivyo bila hata kuisoma orodha hiyo. Mimi naona kwa kijana kama huyu mpangilio huo unampeleka kwenye gharama kubwa zaidi, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Haki ya kompyuta kwanza, maana si ndogo. Kijana wa Kisauni anayehariri video za harusi, au anayetengeneza mabango ya biashara, kadi ya grafiki kwake ni jembe. Inamlisha, na jioni anachezea hiyo hiyo. Mtu wa namna hiyo sina la kumshauri zaidi ya kununua kadi nzuri kadiri ya uwezo wake. Kisha kompyuta haimtozi mtu ada ya kucheza na wenzake mtandaoni, wakati PlayStation tangu enzi ya PS4, mwaka 2013, inataka ulipie uanachama wa PS Plus kwa michezo mingi ya kununua, ingawa ile ya bure kama eFootball na Fortnite haidai ada hiyo. Epic, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, limekuwa likigawa michezo bure tangu Desemba 2018, na Mei 2020 liligawa GTA V nzima. Na liko jambo zito kuliko yote hayo: Kenya haimo katika orodha ya nchi za mtandao wa PlayStation. Vijana wetu wanafungua akaunti kwa anwani ya Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, kisha wananunua vocha za nchi hiyo. Kwenye Steam, duka jingine la mtandaoni la michezo ya kompyuta, unafungua akaunti kama Mkenya ulivyo, unalipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, na shughuli imekwisha. Mtu akinitajia hili sina jibu la kulifuta.

Lakini mpwa wangu hahariri video. Anaandika kazi za chuo, na anataka kucheza mpira na wadogo zake wawili, na michezo mingine mikubwa mara moja moja. Kwa hiyo tukaifungua ile Dell tuone karatasi yake ina ukweli gani.

Tulipovua bati la ubavuni, juu ya feni ya prosesa palikuwa na vumbi lililogandana kwa unyevu mpaka likawa kama kipande cha blanketi kuukuu. Niliibandua kwa vidole ikatoka nzima, mviringo wa feni ukiwa umepigwa chapa kwa chini. Skrubu mbili za nyuma zilikuwa zimeshika kutu hata bisibisi ikateleza. Hiyo ndiyo hewa yetu, yenye chumvi na jasho. PS nayo itakaa katika hewa hiyo hiyo, sisemi itasalimika.

Pawa saplai yake imeandikwa wati 290. Kadi ndogo kama GTX 1650 inatumia wati 75, na nyingi zake zinapata umeme wote kwenye mamabodi, lile bao kuu la ndani, basi hiyo ingekaa. Ila kijana hataki kadi ndogo, anataka ya kumkaribia mwenye PS5: RX 6600 yenye wati 132 au RTX 3060 yenye wati 170. Hizo zinadai waya wao wenyewe wa umeme, na pawa saplai ile haina. Haya, abadilishe pawa saplai. Ya kawaida ya madukani ina plagi kuu ya pini 24, na mamabodi ya Dell hii ina tundu la pini 8, kwa hiyo atafute waya wa kuunganishia. Tuseme ameupata. Prosesa ni i5 ya kizazi cha nne, toleo lililotoka 2013. Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Akibadilisha prosesa lazima abadilishe mamabodi, na mamabodi mpya haipokei ramu zake za DDR3, aina ya zamani. Akienda kununua ramu anakuta soko limechafuka: mwishoni mwa 2025 bei zilipaa kwa sababu watengenezaji wamegeukia seva za akili bandia, na Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuiacha Crucial, jina lake la ramu na SSD, yaani diski za kasi, za watu wa kawaida.

Nilikuwa nikiandika pembeni mwa karatasi yake kila kinachoongezeka. Tulipofika mwisho, kilichobaki kutoka kompyuta ya zamani ni hadidiski na bati. Alichokiita kuongeza nguvu kilikuwa kununua kompyuta nyingine kwa mafungu, na kila fungu linamfunga alinunue linalofuata, maana akiishia njiani hana kitu. Si kila mashine iko hivi. Mwenye mamabodi ya AM4, aina ya prosesa za AMD, iliyoanza kutumika na Ryzen mwaka 2017, anaweza kuchomeka prosesa mpya zaidi na kadi akaendelea na maisha yake. Ila mashine nyingi zinazouzwa kwa wanafunzi mjini humu ni mitumba ya maofisini kama hii Dell.

Sasa nije kwenye PS, na hasa kile kitundu chembamba cha mbele kinachomeza CD. Naamini hicho ndicho kinachoamua swali lote, na watu wanakizungumzia kama urembo tu.

Tuseme umenunua CD ya mchezo kwa shilingi 4,500. Umeicheza miezi miwili, umeimaliza, umeiuza kwa 3,000. Umecheza kwa 1,500. Aliyeichukua kwako anaicheza wiki tatu, anaibadilisha na jirani kwa CD nyingine bila kutoa hata senti. Yule jirani anaipeleka kwa binamu yake Likoni. CD moja imewachezesha watu wanne, na jumla waliyoipoteza wote pamoja haijafika bei ya dukani. Mtaani kwa mpwa wangu wapo vijana watatu wenye PS. Wakipatana kila mmoja anunue mchezo tofauti, kila mmoja ana michezo mitatu kwa bei ya mmoja. Mpira wenyewe, ule ulioitwa FIFA mpaka toleo la 23 na sasa unaitwa EA Sports FC, hutoka mpya kila mwaka, na la mwaka uliopita huporomoka bei papo hapo. Asiyejali majina ya wachezaji waliohamishwa anapata mchezo uleule kwa pesa ya nauli. Tangu zamani tunaazimana hivi, masufuria ya harusini hata ngazi ya kupandia paani, na sioni kwa nini tuuache ustaarabu huo mlangoni mwa michezo ya kompyuta.

Kwenye kompyuta hakuna kitu cha kumpa mwenzako. Mchezo wa Steam ukishaununua umekwama kwenye akaunti yako, huwezi kuuza wala kumpa mtu awe wake kama unavyompa kitabu. Tangu Oktoba 2024 Steam wenyewe wanakuonyesha kabla hujalipa kwamba unachopata ni leseni. Punguzo zao ni kubwa, nakubali, na mchezo wa shilingi 800 kwenye punguzo unashindana vizuri na CD yangu ya 1,500. Lakini 800 hiyo imekwenda moja kwa moja. Hairudi nusu yake siku stima imeisha na unatafuta pesa ya tokeni.

Tena CD haikuulizi unaishi nchi gani. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Mchezo ukaondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi na maeneo 177 yasiyo na mtandao huo, sisi tukiwa miongoni, na watu walikuwa wameshalipa. Sony walilifuta sharti lile ndani ya siku chache baada ya kelele za dunia nzima. Kilichonibaki mimi ni jinsi tulivyo wepesi kusahauliwa wakati mambo yanapangwa. Mwenye PS Mombasa anayenunua kila kitu kwa vocha ya Uingereza amejenga juu ya kiwanja kisicho chake, na akaunti ikifungwa hana wa kumlilia. Mwenye CD anaichomeka na inacheza. Aangalie tu jambo moja, nyongeza za mtandaoni lazima ziwe za ukanda uleule wa CD.

Wapo watakaonikumbusha kwamba CD za siku hizi nyingine ni ganda tupu. Ni kweli. CD ya PS5 ya Call of Duty: Modern Warfare II, ya 2022, ilibeba takriban megabaiti 70, mchezo wenyewe ukashushwa kutoka mtandaoni, na kwa anayetumia bando hiyo ni hasara mbili. Bado nyingi zina mchezo wenyewe ndani, na hata ile iliyo tupu unaweza kuiuza.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba tundu lenyewe linaondolewa. PS5 ilipotoka Novemba 2020 isiyo na tundu ilikuwa dola 399, yenye tundu dola 499. Xbox Series S, konsoli ya Microsoft, haikuwahi kuwa nalo. PS5 Pro ya Novemba 2024 iliuzwa dola 699.99 bila tundu, ukilitaka unalinunua kando kwa dola 79.99, na mara ya kwanza unapolifunga lazima uwe na intaneti ndipo litambulike. Muuzaji atakupa ile isiyo na tundu akikuambia umeokoa elfu kadhaa. Kwa mtu wa hapa rahisi hiyo ni ghali. PS isiyo na tundu imekuvua soko la mitumba na kuazimana na majirani, imekunyima hata zile CD za PS4 ambazo PS5 yenye tundu inazisoma karibu zote, na imekuacha na duka moja tu ambalo nchi yako haimo katika orodha yake. Mtu akinipa chaguo la PS ya namna hiyo au kompyuta, nitachagua kompyuta bila kusita, hata kwa ule mlolongo wote niliouandika pembeni mwa karatasi.

Stima sitaitolea hoja ndefu. PS5 hula kama wati 200 ikichezwa, kompyuta yenye kadi niliyoitaja pamoja na skrini yake hupita hapo, na tofauti kwa mwezi ni uniti chache. Na anayesubiri bei zishuke asisubiri sana: PS4 ilianza kwa dola 399 mwaka 2013 ikafika 299 mwaka 2016, lakini PS5 Agosti 2025 ilipandishwa dola 50 huko Marekani ikiwa na miaka karibu mitano.

Nilimwambia mpwa wangu anunue PS5 yenye tundu, hata ikiwa ya mtumba, na aende dukani na CD yake mwenyewe. Aisukume ndani, aisikilize inavyozunguka, acheze mpaka mchezo ufunguke, aitoe, arudie mara tatu. Atazame matundu ya nyuma kwa tochi ya simu kama yana kutu. Ikiwa ni Slim, ile PS5 nyembamba ambayo kisomeo chake huchomolewa, ahakikishe kisomeo cha CD hakijabadilishwa, na kama kimebadilishwa kiunganishwe mtandaoni pale pale kabla hajatoa pesa. Ile Dell tuliifuta vumbi na tutaitia SSD, itamtosha kwa kazi za chuo.

Kisha nikaenda kwa dada yangu nikamweleza hesabu hii ya CD kama nilivyoieleza hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja tu, hiyo PS itakaa wapi. Nikamwambia sebuleni, kwa sababu TV yenye tundu la HDMI ni hiyo moja, na pedi mbili zitahitaji watu wawili wakae upande kwa upande. Akasema kompyuta iko chumbani, na tangu kijana anunue hedifoni hajui anacheza nini wala anazungumza na nani. Akasema atachangia pedi ya pili.