Mashine ya kuoshea vyombo kwa mpangaji: tuipime kwa ndoo, si kwa ubishoo

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unatafuta mashine ya kuoshea vyombo na bado unakaa nyumba ya kupanga, utajibiwa mambo matatu kwa mpigo: inakula umeme, inamaliza maji, na huo ni ubishoo. La tatu siligusi, kila mtu na fedha yake. Mawili ya kwanza yanapimika.

Tuanze na maji. Mashine ndogo ya kuweka juu ya kaunta, yenye tangi lake la ndani, hujazwa kwa jagi lita tano hivi, na kwa lita hizo inaosha vyombo vya watu wanne na kuvisuuza. Ndoo yetu ya kawaida ni lita 20. Watetezi wa mashine hupenda kutaja utafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, ulioona kwamba watu wa Ulaya wakiosha kwa mkono vyombo vya watu 12 hutumia wastani wa lita 103. Mimi hesabu hiyo siipendi, ingawa inaniunga mkono. Lita nyingi namna hiyo ni za watu walioacha bomba likimwagika. Sisi tunaosha kwa mabeseni, moja la povu na jingine la kusuuzia, na aliyekulia kwenye maji ya kununua hafundishwi kubana matumizi. Hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 2020, waliona kuwa njia ya mabeseni mawili huzalisha hewa ukaa kidogo kuliko mashine. Kwa hiyo mtu wa mabeseni asisimangwe. Lakini mpe huyohuyo hodari lita tano tu kwa vyombo vya watu wanne, povu na kusuuza humohumo, uone. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikatangaza mgao, waliopandisha ndoo ghorofani kwa ngazi walijua tofauti ya lita kumi ina uzito gani.

Umeme ni hadithi fupi zaidi. Mzunguko mmoja hula uniti moja au pungufu, sehemu kubwa ikienda kupasha maji moto. Kwa bei ya takriban Sh 350 kwa uniti, ukiosha kila siku hufiki mbali sana na Sh 10,000 kwa mwezi. Tatizo la kweli ni luku ya kuchangia. Hapo hata kama hesabu iko upande wako, jirani akishaiona mashine, kila uniti inayopotea ni yako.

Sasa, ipi? Zile kubwa za magurudumu zinazoletwa kutoka Marekani ni za volti 120. Kwetu ni 230, basi tuzipite. Zinazounganishwa na bomba zina mvuto, ila zinataka fundi, ruhusa ya mwenye nyumba, na presha. Nyingi huhitaji angalau baa 0.4 (baa ni kipimo cha presha), na kila mita moja ya kimo cha tangi hutoa baa 0.1 tu. Anayekaa ghorofa ya juu kabisa, tangi likiwa mita mbili juu ya sinki lake, anapata nusu ya kinachohitajika. Mashine itasubiri maji, kisha itaonyesha hitilafu, na lawama itamwangukia muuzaji. Yenye tangi la ndani haijali hayo. Mpira wake wa maji machafu unauelekeza kwenye sinki, na kodi ya miezi sita ikiisha unaibeba na kuondoka bila kumwachia mwenye nyumba hata tundu ukutani.

Wapinzani wana hoja moja nzito ambayo kwa bahati mbaya hawaitaji: sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na sabuni kali ya mashine huzifubaza na kuzitia weusi. Ya wali wa familia hata haiingii. Ongeza mwiko na mbuzi ya nazi, ambavyo ni vya mbao. Maana yake kazi ngumu kuliko zote, ya kukwangua ukoko, inabaki mikononi mwako. Mashine inachukua sahani, glasi na vijiko. Familia ya watu wanane yenye dada wa kazi itaona haijanunua kitu. Wawili wanaorudi saa mbili usiku baada ya foleni ya Mbagala wataona tofauti.

Liko pia suala la maji ya kisima yenye chumvi. Kifaa cha kulainisha maji, kama mashine inacho, huondoa chokaa, lakini ladha ya chumvi inabaki na glasi hukauka na madoa meupe. Hapa tena tangi la jagi lina nafuu: jengo likisukuma maji ya kisima bombani, wewe unajaza yale ya DAWASA uliyoyakinga, au ya mvua.