Kupokea pesa mbio, kurudisha mpaka uchoke

Wakati wa kuuza, huyu muuzaji wa viatu mtandaoni alikuwa anajibu hata usiku wa manane: "Karibu mpendwa, mzigo upo!" Viatu vimefika vyote vya mguu wa kushoto, nimeomba pesa yangu, ghafla kawa bubu. Ujumbe anausoma, tiki zinageuka bluu, kimya. Na wala hajapotea, maana kila asubuhi anapandisha picha za mzigo mpya. Ukimuuliza kwenye maoni anafuta, halafu anakubloku. Siku akijibu, eti "tunashughulikia". Mnashughulikia nini, mbona kupokea hakukuwa na mchakato? Afadhali waliolipa kwa kadi, wao wanaweza kuiomba benki ipinge muamala kabla muda haujapita. Sisi tuliotuma moja kwa moja kwenye namba yake tunapiga, anakata.