Kabla ya Roshani, Uliza Chumba Kiko Wapi

Wengi wanaopanga fungate au mapumziko kwenye meli za kitalii, zile zinazotoka Durban kuelekea pwani ya Msumbiji au zinazozunguka Mediterania, huanza kwa kuuliza bei ya chumba chenye roshani. Naona wanaanzia pasipofaa. Swali la kwanza liwe chumba kiko wapi: omo (mbele ya meli), tezi (nyuma yake) au katikati? Sitaha, yaani ghorofa ya meli, ya ngapi? Juu yake kuna nini, na chini yake?

Sisi wa Uganda bahari hatuioni kila siku, kwa hiyo ni rahisi kuuziwa urefu. Kwa kawaida sitaha ikipanda, bei nayo hupanda. Lakini meli ikienda mrama, yaani ikiyumba ubavu kwa ubavu, aliye juu husukwasukwa kuliko aliye chini karibu na maji. Mawimbi yakija kwa mbele, omo na tezi hupanda na kushuka huku katikati pakitulia. Aliyewahi kukalia kiti cha nyuma kabisa cha basi la Arua, basi likaruka matuta, analijua jambo hili mwilini. Ni kweli meli kubwa zina mapezi chini ya maji ya kupunguza kuyumba, ila yanasaidia mrama wa ubavu kwa ubavu. Kule kupanda na kushuka kwa omo hayakuzuii.

Ndiyo maana nasema bila kusita: kama unamchukua mama mzee, au mtu anayetapika hata kwenye kivuko cha kutoka Nakiwogo kwenda Kalangala, mlipie chumba cha katikati, sitaha za chini, hata kama hakina dirisha. Atalala. Roshani ya juu kule omo atailipia mamilioni ya shilingi na kuitazama akiwa kitandani, ndoo pembeni.

Kelele nazo zina ramani yake. Chumba kilicho salama ni kile chenye vyumba vingine juu na chini yake. Chini ya bwawa la kuogelea utasikia viti vikiburutwa alfajiri. Juu ya ukumbi wa muziki ngoma hazinyamazi mapema. Omo chini kuna minyororo ya nanga na mitambo inayoisukuma meli ubavuni inapofunga gati, mara nyingi kabla hujaamka. Tezi kuna mtikisiko wa rafadha, pangaboi inayoisukuma meli. Karibu na lifti ni pazuri kwa mwenye magoti mabovu, mradi mlango usitazamane nayo. Na dirisha la bei nafuu mno lichunguze: huenda mbele yake kumening'inia mashua ya uokoaji.

Hata ziwani kwetu ni vilevile. Wanaopitia Mutukula hadi Bukoba ili walale ndani ya MV Victoria, meli iliyoanza kazi mwaka 1961 na kurejea majini 2020 baada ya ukarabati, huulizia daraja la tiketi tu. Ulizia pia injini iko upande gani.

Kinachoniudhi zaidi ni tiketi za bei ya chini ambazo kampuni ndiyo hukuchagulia chumba baadaye. Kijana mwenye usingizi mzito na tumbo gumu azinunue, atafaidi. Familia yenye wazee na watoto isikubali. Mwambie wakala afungue ramani ya sitaha mbele yako, akuonyeshe namba ya chumba kwa kidole, ndipo utoe malipo ya awali.