Jina la mtumbwi kati ya C na Python: nani aligeuze, na kwa ukali gani?

Mfumo mdogo wa kupimia samaki kwenye mwalo kama wa Kirumba, hapa Mwanza, mara nyingi unafaa kuandikwa kwa lugha mbili za programu. Sehemu inayosoma mizani inakaa vizuri kwenye C, maana kifaa chenyewe kina memori ndogo. Sehemu ya ripoti na malipo inakaa vizuri kwenye Python, maana hiyo hubadilishwa kila mnunuzi anapotaka jambo jipya. Kilo zinavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila shida. Shida iko kwenye jina la mtumbwi.

Kwa C, stringi, yaani kipande cha maandishi, ni baiti zilizofuatana hadi ifike baiti ya sifuri, basi. Lugha yenyewe haiulizi baiti hizo ni herufi gani. Python 3, iliyotoka mwaka 2008, inachukulia stringi kuwa mfuatano wa herufi za Unikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, na tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012 huzihifadhi ndani kwa baiti 1, 2 au 4 kila herufi, kutegemea zilizomo. Kwa hiyo lazima mtu ageuze. Wapo wanaosema ugeuzaji ufanyike mara moja tu, mpakani, na baiti yoyote isiyo UTF-8 sahihi, yaani isiyofuata kanuni ya kuandika herufi za Unikodi kwa baiti, ikataliwe hapo hapo. Wengine wanasema baiti zipitishwe kama zilivyo, anayezihitaji kama maandishi atazigeuza mwenyewe.

Tuchukue mtumbwi unaoitwa “Tumaini la Ng’wana”, jina ambalo halishangazi mtu Usukumani. Lina herufi 18, ukihesabu nafasi na alama ya king’ong’o. Ukiandika alama hiyo kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi, jina zima ni baiti 18. Lakini baadhi ya simu na programu za kuandikia barua hugeuza ritifaa hiyo kuwa iliyopinda, ambayo kwenye UTF-8 inachukua baiti 3: E2, 80 na 99. Jina linakuwa baiti 20, ingawa kwa macho ni lile lile.

Sasa mwandishi wa upande wa C ametenga baiti 16 kwa jina, 15 za maandishi na 1 ya sifuri ya mwisho. Ritifaa iliyopinda inaanzia baiti ya 14. Mkato unaangukia katikati yake, na kinachobaki mwishoni ni E2 80, kipande cha herufi. Python ikigeuza kwa ukali inatoa erori ya UnicodeDecodeError na kusimama. Ukiiambia ipuuze, inabaki “Tumaini la Ng”, na mtumbwi mwingine wenye mwanzo huo huo unaweza kuunganishwa nao kwenye malipo bila mtu kujua.

Hapo watetezi wa ukali wana hoja nzito, nami niko upande wao. Erori inayoonekana inarekebishika. Jina lililoharibika kimyakimya linakula pesa ya mvuvi. Ila wasijidanganye kwamba ukali unatosha. Jina lile lile lenye ritifaa iliyonyooka likikatwa kwenye baiti ya 15 linakuwa “Tumaini la Ng'w”, UTF-8 safi kabisa, na Python italipokea bila neno. Kinachookoa hapa ni kupitisha urefu pamoja na baiti, na upande wa C kukataa jina lisiloenea badala ya kulikata.

Upande wa pili nao hausemi ovyo. Lua, lugha ya programu iliyozaliwa Brazili mwaka 1993 na inayopachikwa sana ndani ya programu za C, inachukulia stringi kuwa baiti tupu, hata zenye sifuri katikati, na inafanya kazi vizuri tu. Majina ya mafaili kwenye Linux hayalazimiki kuwa UTF-8, na Python yenyewe ililazimika kulikubali hilo: toleo la 3.1 la mwaka 2009 lilileta njia iitwayo surrogateescape, ya kubeba baiti zisizogeuzika na kuzirudisha zilivyokuwa. Kuna pia suala la watu. Mitumbwi ya dagaa inarudi alfajiri, foleni ya mizani ni ndefu, na mfumo unaogoma kwa sababu ya ritifaa unamchelewesha mtu aliyekesha ziwani. Hoja hii naiheshimu kuliko ile ya kasi, kwamba kunakili jina kila linapovuka kunapoteza muda.

Ya kasi ndiyo inayosemwa zaidi, na ndiyo inayonishawishi kidogo zaidi. Wanaokwepa kunakili huomba Python pointa ya UTF-8, yaani anwani ya mahali baiti zilipo kwenye memori, kwa PyUnicode_AsUTF8 na kuitunza upande wa C. Pointa hiyo ni mali ya stringi ya Python. Stringi ikifutwa, C inabaki imeshika memori ambayo huenda imeshapewa jina la mtumbwi mwingine. Lua nayo inatoa pointa kwa lua_tolstring bila kuahidi kwamba itabaki halali baada ya thamani kuondolewa kwenye staki, rundo ambalo Lua na C hupeana thamani kupitia kwake. Kunakili baiti 20 kwa kila mtumbwi unaopimwa ni gharama ambayo hata kifaa kidogo hakitaihisi.

Kwa hiyo ningeweka ukali wote kwenye usajili wa mtumbwi, mbele ya karani anayeweza kumuuliza mwenye jina na kuliandika upya. Kwenye mizani ningepitisha namba ya usajili tu, pamoja na kilo. Kama jina lazima lipite, baiti zake zihifadhiwe zilivyokuja kando ya uzito, ili upimaji uendelee hata ugeuzaji ukishindikana.

Usajili huo huo uamue ritifaa ipi itumike, kwa kuwa zote mbili ni UTF-8 halali. Hata usawazishaji wa kawaida wa Unikodi, NFC au NFKC, haugeuzi ile iliyopinda kuwa iliyonyooka. Kanuni hiyo lazima mwandishi aiandike mwenyewe, mstari mmoja wa Python, kabla ya jina la kwanza kuingia kwenye daftari.