Mtoto kasimama dede, keki ya nini?

Siku binti yangu alipotimiza mwaka mmoja, keki ilikuwa ya ghorofa mbili, maputo ya waridi na dhahabu, spika inasikika barabara ya pili, na mwenye shughuli amelala fofofo. Tulimwamsha. Mpiga picha alikuwa na harusi saa kumi na moja, hakuweza kungoja mtoto amalize usingizi wake. Basi akaamshwa, akavalishwa gauni la nyavu lililomkwaruza shingo, akashikishwa kisu pamoja na mama yake, akalishwa kipande cha keki, akakitema. Picha ya kutema haipo. Ipo ya nukta moja kabla, na humo ukimtazama utadhani anacheka.

Nami nilikuwa miongoni mwa waliopanga, kwa hiyo nikisema tulikosea siyo kwamba nachungulia shughuli ya jirani kupitia dirishani. Turubai, viti, pilau, sare za kitenge, mpiga picha: shilingi 640,000. Kiasi kilitoka kwenye mchango wa kundi la ukoo la WhatsApp, kiasi nilikopa kazini. Deni nimelimaliza juzi tu, na mtoto sasa ana miezi kumi na sita.

Mimi hufanya kazi Dar es Salaam. Mke wangu na mtoto wako Tanga, Makorora, pamoja na mama mkwe. Ijumaa jioni napanda basi, Chalinze, Segera, Muheza, nashuka Kange usiku wa manane. Jumapili mchana narudi nilikotoka. Ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, walikuwa wakitaniwa nao wageni. Siku hizi mtaani wananitania nao mimi mwenyeji. Ukuaji wa mwanangu nimeupata kwa vipande: ujumbe wa sauti, video fupi, na Jumamosi mojamoja.

Kwenye basi mtu huwaza. Nilichokuja kukigundua ni kwamba mama mkwe wangu hahesabu miezi hata kidogo. Ukimwuliza mjukuu wake ana umri gani, atakwambia, "Kakaza shingo." Ukirudi baadaye, "Anakaa." Halafu, "Anasota." Kisha siku moja akapiga simu yeye mwenyewe, mtu ambaye kawaida yake ni kubipu, akasema maneno mawili, "Kasimama dede," akakata kabla salio halijaondoka.

Dede ni neno la kitoto ambalo watu wazima ndio wenye shida nalo zaidi. Hakuna namna nyingine ya kuutaja ule msimamo: miguu imeachana, magoti hayajiamini, mikono iko hewani, unahesabu moja, mbili, tatu, halafu chini pu! Baada ya dede huja kwenda tata. Kukaza shingo, kukaa, kusota, dede, tata, hapo umepewa mwaka mzima na zaidi, na hakuna hata mahali pamoja ilipotajwa tarehe. Kila neno ni kazi aliyoifanya mtoto kwa mwili wake. Mwaka mtoto haufanyi. Mwaka humpitia hata akiwa usingizini, kama ulivyompitia wangu.

Najua nitaulizwa: na siku ya saba je? Na arobaini? Hizo si tarehe? Ni tarehe. Siku ya saba tulimfanyia akika, akanyolewa, nywele zikapimwa na thamani ya uzito wake katika fedha ikatolewa sadaka. Siku ya arobaini mama yake alitoka nje, nyumba ikafukizwa udi, watu wakala. Lakini katika shughuli zote mbili hakuna aliyemlazimisha mtoto atazame kamera. Alipolala aliachwa alale, na shughuli ikaendelea.

Jino nalo lina habari yake. Tangu binti alipofika mwezi wa tano, bibi yake kila asubuhi alikuwa akinawa mikono na kumpapasa ufizi. Wa chini kidogo, wa juu kwa muda mrefu. Jino la chini lilipochomoza akasema alhamdulillahi, na tangu hapo hakumpapasa tena. Nilichelewa kuelewa. Mtoto anayetangulia kuota meno ya juu huitwa kigego, na zamani kigego alihesabiwa mkosi wa nyumba nzima. Wapo waliotupwa na waliouawa kwa sababu ya jino tu. Kitabibu jino la juu kutangulia si kitu, ni mpangilio usio wa kawaida na basi. Mama mkwe wangu haamini mambo hayo. Ameniambia hivyo mara tatu bila mimi kumwuliza.

Kilichotuletea maneno ni kusota. Binti yangu hakutambaa. Alikaa kitako, akatanguliza mguu mmoja, akajivuta na makalio sebuleni kote kama anayepiga kasia. Kila aliyeingia alikuwa na la kusema. Mmoja akasema wake alitembea akiwa na miezi tisa. Mwingine akasema mtoto asiyetambaa atakuwa mzito wa kusoma. Mzee mmoja pale barazani alinishauri nimpeleke Raskazone maji yakitoka nimfukie miguu mchangani, mifupa ikaze. Nilimshukuru. Wallahi nilikaribia kwenda.

Badala yake nikatafuta nisome. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kufuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, waone kila mmoja anafanya nini na lini. Kutembea bila kushikwa kulianzia miezi 8 kwa wengine na kwa wengine kukafika miezi 17 na nusu, na wote ni wazima. Na watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Waliiruka hatua hiyo. Mtu akifika miezi 18 hajapiga hatua, hapo aende kliniki akaangaliwe, wala asingoje. Kabla ya hapo, haya mashindano ya barazani ni yetu wazazi. Mtoto hajui kama kuna mbio.

Niseme na la kliniki, maana huko ndiko nilikobadilika. Miezi tisa ilipofika, mke wangu alikuwa na homa, nikaomba ruhusa kazini nikampeleka mimi. Kina mama zaidi ya thelathini kwenye mabenchi na mwanamume mimi peke yangu, nimebeba mkoba wenye nepi. Mmoja akasema kwa sauti, "Leo baba kaleta!" wote wakacheka, na muuguzi akanipitisha mbele. Sikuona fahari. Wale waliocheka walikuwa wamekaa pale tangu asubuhi.

Binti akaning'inizwa kwenye mizani, miguu inapiga hewa: kilo 8.2. Muuguzi akatia nukta kwenye chati, akaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita, mstari ukapanda. Kisha sindano ya surua na rubela. Nilipoipokea kadi nikaisoma kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Chanjo za kuzaliwa, za wiki ya 6, ya 10, ya 14, matone ya vitamini A, kila moja ina tarehe yake na saini, na zote zimetimia. Mke wangu alikuwa amefanya hivyo mwezi baada ya mwezi, na mimi nikijua tu kwamba "mtoto yuko vizuri". Ilikuwa albamu. Miezi mitatu baadaye nikaenda kulipia albamu nyingine.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Binti alianza kutembea akiwa na miezi kumi na minne. Nilikuwepo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mama yake kamwachia pale mlangoni, nami nimechuchumaa uani, akaja hatua nne, akaniangukia kifuani. Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Niliwaambia watu wote kazini kwamba mwanangu kaningoja mimi.

Wiki mbili baadaye nikaenda dukani kununua vocha. Muuza duka akanipa hongera, "Binti yako tangu Jumanne ile anakata mitaa!" Nikamwuliza Jumanne ipi. Akataka kubadili mazungumzo, lakini muuza duka hana mahali pa kukimbilia. Nikaja kuujua ukweli wote: alitembea Jumanne jikoni, kutoka kwenye ndoo ya maji hadi kwa dada wa kazi aliyekuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Dada akarekodi, akaweka kwenye status yake, akanificha mimi nisiione. Bibi alijua, mke wangu alijua, mtaa ulijua. Wakakubaliana nyumba nzima kwamba Jumamosi baba "ataona hatua ya kwanza".

Siku mbili nilinuna. Nilihisi nimechezewa kama mtoto. Halafu nikaiomba ile video. Ni ya giza, simu imeegemezwa kwenye kopo, nusu ya picha ni mguu wa dada. Anasikika akisema, "Dede, dede, njoo, njoo kwa dada, njoo mama," na mtoto anakuja. Nimeitazama mara nyingi kuliko zile picha mia mbili na hamsini za mpiga picha. Na katika picha hizo mia mbili na hamsini nikamtafuta dada wa kazi. Hayumo. Siku ya sherehe alikuwa nyuma ya nyumba anapalia pilau. Sare hatukumshonea. Kwenye kulishana keki tulianza na babu, bibi, wajomba, mashangazi, wafanyakazi wenzangu waliotoka Dar, mwenye nyumba, na keki ikaisha. Aliyemwinua mtoto sakafuni mara mia hakupata hata ile krimu ya pembeni.

Basi maoni yangu ni haya, na mke wangu hakubaliani nayo yote: sherehe ya hatua ya mtoto ni ya mtoto na wale waliokuwepo akijikongoja. Tunachofanya siku hizi ni kuwaalika waliokuwa mbali waje washuhudie kwamba tuna uwezo. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliokuwa mbali, na nilikaa kiti cha mbele.

Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ule mwaka haukuwa wake. Ulikuwa wangu."

Sikuwa na jibu, na nikizidi kufikiri naona ana haki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004/05 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 112 walifariki kabla ya kufika miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43, na kati ya hao 33 hawakuufikisha mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mama aliyevuka mwaka amevuka mto wenyewe, vilivyobaki ni vijito. Mama mkwe wangu alizaa watoto sita, wapo wanne. Ndiyo maana mtoto wetu alipakwa wanja kwenye paji la uso, na ndiyo maana uso wake ulikatazwa kuwekwa mtandaoni kabla ya arobaini. Nilikuwa nacheka. Sasa naona ni watu waliojifunza kutofurahi kwa sauti mapema. Kwa hiyo mwaka wa mama naunga mkono, ila asitiriwe na zile spika, na mchango usitangazwe kwenye kundi kwa majina na kiasi, maana hilo la mjomba kuandikwa "bado" liliniuma hata mimi nisiyemdai.

Tumefikia mapatano. Mwaka wa pili hakuna turubai. Tutakachofanyia shughuli ni siku atakapochomwa sindano ya pili ya surua na rubela, miezi kumi na minane, ya mwisho kwenye ile ratiba ya utotoni. Nimeichagua kwa sababu ndiyo siku inayosahaulika. Ya miezi tisa watu huenda. Hii ya pili mtoto keshatembea, keshanenepa, mama karudi kwenye biashara yake Mgandini, nani atakumbuka kukaa benchi asubuhi nzima? Mtoto wa watu akipata surua ndipo kadi hutafutwa kabatini. Nikisikia mtaani mtu anaulizana, "Wa kwako keshakula karamu ya kumi na nane?" nitafurahi kuliko kusikia keki ya fulani ilikuwa na ghorofa ngapi.

Tarehe imeandikwa kwenye kadi kwa kalamu ya bluu. Ni Jumatano, nimeshaomba likizo. Tutakuwa sita: mimi, mke wangu, bibi, dada wa kazi, mzee wa barazani, na mtoto, ambaye pengine atakuwa na homa kidogo na ataruhusiwa kulala. Bibi anataka bokoboko. Mke wangu anasema biriani. Nikaona safari hii nimwulize dada wa kazi achague yeye.

Akasema keki. Hata ya ghorofa moja.