Ribiti kwenye mlenda

Kuna babu mmoja huku kwetu Chang'ombe ya Dodoma ana Jeep ya Ford ya vita vya pili vya dunia, mwenyewe anasema ilikuja enzi zile za mradi wa karanga wa mkoloni kule Kongwa, karanga zikagoma gari ikabaki. Yeye anaiita "jipu" na kweli ni jipu, linauma na halitumbuki.

Mi niliharibu toka siku ya kwanza. Nikaenda soko la Sabasaba nikarudi na bolti za milimita, mpya, kichwani zimeandikwa 8.8, nikajua leo napewa hadi soda. Babu kaziangalia kama nimemletea sumu ya panya. "Mjukuu wangu, hii gari ya Mmarekani, inaenda kwa inchi, tena bolti za Ford zina herufi F kichwani, we unaniletea namba?" Anazo kuukuu kopo zima, anapiga brashi moja moja anatafuta F kama mchimba dhahabu. Na ile nati ya milimita ukiipachika kwenye meno ya inchi inakudanganya, inaingia raundi mbili vizuri tu halafu inakwama, ukilazimisha umeua zote.

Sasa vile vibati vinavyoshika bampa la mbele vilifungwa kwa ribiti, zile pini za chuma zisizo na meno, unazipitisha kwenye tundu unagonga ncha mpaka iwe kichwa. Nikasema babu si tupige bolti tumalize? Akakataa, eti bolti inacheza ndani ya tundu, ila ribiti ukiigonga ikiwa ya moto inavimba inajaza tundu lote, ikipoa inasinyaa inavuta vyuma vinabanana. Hapo sikuwa na jibu. Zikakatwa nane kamili, kila moja ikiachwa itokeze kama mara moja na nusu ya unene wake, ndo nyama ya kutengenezea kichwa.

Saba zikaenda vizuri. Ya nane nikaleta ujuaji. Nilishaona video ya wazungu wa zamani wanajenga maghorofa ya chuma, mmoja anarusha ribiti ya moto mwenzake anaidaka na kopo, basi nikamwambia dogo aliyeshika koleo kwenye moto we rusha tu mi nadaka. Babu kachuchumaa upande wa pili kashikilia chuma kizito cha kuegemeza, haoni kitu.

Dogo karusha. Na ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane si mnaujua, vumbi likaniingia macho yote mawili, nikadaka hewa.

CHWAAAA!

Bibi alikuwa kainjika mlenda chini ya mwembe.

"Nani huyo?" Bibi katoka na mwiko. Babu huku anafoka, "Ribiti iko wapi nyie, inapoa!" Dogo kwa adabu zote: "Iko kwenye mboga babu."

Ikaopolewa kwa upawa, inateleza vibaya mno, na kwa vile hatukuwa na akiba ilibidi irudi motoni hivyo hivyo, bahati ni chuma laini, ukikipasha upya kinasahau yaliyopita. Moshi wake siuelezei. Bibi hakusahau, siku hiyo nilikula ugali kwa chumvi wenzangu wanakula nyama choma mbele yangu.

Iko pale mpaka leo, kushoto, ya pili toka juu. Nikimwamkia babu shikamoo, anaigonga kwa kidole kwanza, ananiuliza: "Imeiva?"