Mzee mwenye bango anatafuta nini barabarani?

Picha ya bibi mwenye mvi aliyeshika bango katikati ya umati ikisambaa, wapo wanaomsifu kama mtoto aliyepiga hatua ya kwanza, na wapo wanaouliza kwa nini hakukaa nyumbani akawaachia vijana mambo yao. Sifa za wale wa kwanza tuziache. Swali la wa pili ni zito, na linastahili jibu la heshima.

Wanaanza na mwili, na hapo hawakosei. Juni 2020 mjini Buffalo, Marekani, mzee wa miaka 75 aliwasogelea polisi, akasukumwa, akaanguka chali na fuvu lake likapasuka. Kijana pengine angepepesuka tu. Moshi wa mabomu ya machozi nao hauchagui kifua chenye pumu, na mzee akidondoka, vijana wawili watatu wataacha walichokuwa wakifanya ili wambebe. Halafu kuna hoja ya nguvu: katika nchi nyingi wazee ndio wanaojitokeza zaidi kupiga kura, na wanaotawala ni wa rika lao. Barabara nayo waitake ya nini?

Hoja hii inamchanganya mzee anayetawala na mzee anayeandamana, na aghalabu hao ni watu wawili wasiofanana hata kidogo. Maggie Kuhn wa Marekani alilazimishwa kustaafu mwaka 1970 kwa sababu tu ametimiza miaka 65. Yeye na wenzake wakaanzisha vuguvugu lililokuja kuitwa Gray Panthers, wakapinga ubaguzi wa umri na vita vya Vietnam kwa pamoja, bega kwa bega na vijana. Hawakumpokonya kijana yeyote nafasi yake.

Lakini kinachonishughulisha zaidi ni idadi moja ya London. Tarehe 9 Agosti 2025, polisi waliwakamata watu 532 kwenye mkusanyiko wa Parliament Square, karibu wote kwa kushika mabango ya kuunga mkono kundi lililokuwa limepigwa marufuku mwezi mmoja kabla, kwa sheria ya ugaidi. Takriban nusu yao walikuwa na miaka 60 au zaidi. Uwe unaikubali marufuku ile au unaipinga, hiyo nusu haitokei hivi hivi. Kosa lenyewe lilikuwa na kifungo cha hadi miezi 6. Mtu wa miaka 25 akitiwa hatiani kwa sheria ya ugaidi, huenda asipate kazi ya ualimu wala uuguzi, na viza zitamsumbua maisha yake yote. Mstaafu hana mwajiri wa kumfukuza, na watoto wake wameshakua. Tena hakuna aliyeambiwa akimbie. Walikaa chini, wakaandika maneno yao kwenye kadibodi kwa kalamu nene, wakasubiri kukamatwa. Mimi naona hapo watu waliopima gharama na kuamua kuibeba wao, isiwaangukie walio na miaka 40 ya kazi mbele yao.

Isisemwe tu kwamba mzee hana cha kupoteza. Usiku mmoja rumande bila vidonge vya shinikizo la damu ni hatari, na huenda nyumbani kuna mwenzi mgonjwa anayemsubiri. Anacho cha kupoteza, ila si kilekile cha kijana.

Bango lenyewe pia ni kazi inayomfaa mtu mwenye subira. Yelena Osipova wa St. Petersburg, mchoraji aliyezaliwa 1945, amekuwa akisimama peke yake na mabango makubwa aliyoyachora kwa mkono tangu miaka ya 2000. Polisi humnyang'anya, naye hurudi kuchora mengine. Kosa la wengi wetu tulioishi sana ni kutaka kuandika historia nzima, ilhali mpita njia ana sekunde chache tu. Maneno matatu au manne yanatosha, meusi juu ya nyeupe, kila herufi ndefu kuliko kiganja. Yachore kwanza kwa penseli, la sivyo herufi za mwisho zitabanana ukingoni. Na bango lenye kamba ya kuvaa shingoni huuacha mkono huru kwa mkongojo.

Jambo moja ninalowakubalia wapinzani bila kusita ni kwamba mvi si ngao. Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula katika Uhuru Park, Nairobi. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo, ishara nzito ya laana. Walihamia kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na mapema 1993 wengi wa wafungwa wakaachiliwa. Umri wao uliupa mgomo ule uzito ambao vijana wasingeupata, lakini haukuzuia rungu hata moja.

Kwa hiyo waandaaji wanaowapanga wazee mstari wa mbele kwa matumaini kwamba polisi wataona haya wanakosea, na wanastahili kukataliwa. Waweke viti, maji na njia ya kutokea. Wawaeleze wazee kinagaubaga polisi walifanya nini mara ya mwisho, kisha wawaulize wenyewe wanataka kusimama wapi.